Bukta ya lastiki, ya mikanda au ya ndani: ipi itakufikisha Bagamoyo ukiwa bado unaweza kukaa?

Safari yangu ya kwanza ndefu ya baiskeli ilikuwa Mwenge hadi Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 100, nikiwa nimevaa bukta ya mpira wa miguu na chupi ya pamba ndani. Kwenda nilienda kwa mbwembwe. Kurudi, kuanzia Mapinga, nilikuwa naendesha nimesimama. Jumatatu ofisini nikawa nakaa upande upande, hadi jirani yangu wa meza akaniuliza kama nimechomwa sindano.

Nikapeleka baiskeli kwa fundi. Nilitaka aniwekee siti pana, laini, ile yenye springi. Akanitazama kidogo, akasema, "Kaka, siti haina kosa. Anza kwa kuvua hiyo chupi."

Tangu siku hiyo nimepitia aina zote tatu za bukta za baiskeli zenye sponji, na zote tatu ninazo hadi leo, kila moja na siku yake. Kuna ya lastiki ya kiunoni, kuna ya mikanda inayopita mabegani kama ovaroli, na kuna ya ndani, inayovaliwa chini ya kaptura ya kawaida. Mtu anayeanza safari za zaidi ya saa mbili huniuliza anunue ipi. Humrudishia maswali, na maswali yenyewe ndiyo vigezo ninavyoviweka hapa.

VIGEZO

Sponji. Dukani wengi hubonyeza kwa kidole, wakiona ni nene na laini kama godoro jipya wanalipa. Kumbe kwenye baiskeli ya barabarani hukalii nyama za makalio. Unakalia mifupa miwili ya chini ya nyonga, na katikati ya mifupa hiyo ndipo ulipo msamba, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Sponji ikiwa laini mno, mifupa inazama, na ile sponji iliyosukumwa pembeni inapanda katikati na kubana msamba. Ndiyo maana mtu aliyevaa "godoro" hupata ganzi kabla ya mwenye sponji nyembamba. Watengenezaji hupima uzito wa sponji kwa kilo katika mita moja ya ujazo, na bukta za saa nyingi mara nyingi huandikwa 80 hadi 120 kwa sehemu ya mifupa, kwingine pungufu. Lebo isiposema, bana sponji kwa kidole gumba na cha shahada pale penye unene. Vidole vikikaribia kukutana bila kutumia nguvu, hiyo ni bukta ya kwendea sokoni.

Halafu upana. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi katikati, kiweke juu ya stuli ngumu, ukikalie dakika moja huku umeinama mbele. Ukiinuka utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Wengi huangukia kati ya milimita 100 na 150. Sehemu nene ya sponji lazima ifunike vishimo vyote viwili na kubakiza kidogo pembeni. Bukta za kike na za kiume hukatwa tofauti kwa sababu hiyo na kwa sababu ya kule mbele, si kwa ajili ya rangi ya waridi.

Kukaa mwilini. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, saa tatu ni mizunguko 14,400, na kila mzunguko paja linasugua. Bukta ikilegea, sponji inahama kidogo, mkunjo unajitengeneza, jasho linaacha chumvi, na kilichobaki ni mchubuko. Kwa safari ndefu mimi naweka kigezo hiki juu hata ya sponji yenyewe: sponji ya kawaida iliyotulia mahali pake inashinda ya ghali inayotembea.

Vilivyobaki vinaeleweka haraka. Joto, yaani tabaka ngapi zinakaa mwilini na jasho linatokea wapi. Kuchimba dawa, yaani kazi iliyopo ukitaka kujisaidia njiani. Staha, kwa sababu barabara zetu zinapita kwenye vijiji vya watu. Na mfuko.

Sheria moja haina mjadala kwa zote tatu: ndani yake hakivaliwi kitu. Bukta yenye sponji ndiyo chupi yenyewe. Chupi ya pamba inaongeza mishono palepale sponji ilipotengenezwa isiwe na mshono, na pamba ikishalowa haikauki.

BUKTA YA LASTIKI

Hii ndiyo wengi wetu tunaanza nayo. Taiti fupi ya laikra, kile kitambaa kinachovutika na kubana mwili, lastiki kiunoni, pindo la kunata mapajani.

Sponji: unapata kila daraja, kuanzia kipande cha povu kilichobandikwa kwa gundi hadi sponji ya tabaka tatu iliyokatwa kufuata mwili. Tatizo ni kwamba soko letu limejaa la kwanza. Igeuze ndani nje kabla ya kulipa. Ukiona mshono mnene umepita katikati ya sponji kutoka mbele kwenda nyuma, irudishe msumarini.

Kukaa mwilini: saa mbili za mwanzo hutaona kasoro. Baada ya hapo lastiki inaanza kudai chake, hasa ukiwa umeinama kushika vishikio vya chini. Inakata tumbo, na kila unaposimama kupanda mlima inateremka kidogo, nawe unaivuta juu kwa mkono mmoja huku daladala liko nyuma yako. Mwenye kitambi anateseka zaidi maana lastiki hujikunja na kuingia chini ya tumbo. Chagua yenye mkanda mpana kiunoni, upana wa vidole vitatu au vinne, nyuma ukiwa umepanda kuliko mbele. Ule mwembamba kama kamba ya pajama uache.

Joto: hapa inaongoza. Kuanzia kiunoni kwenda juu una jezi tu, na kwa Februari ya Dar hilo si jambo dogo.

Kuchimba dawa: rahisi kwa wote. Shusha, pandisha, endelea na safari.

Staha: inabana na inaonyesha. Lakini ukishuka unaweza kuvutia kaptura au kikoi juu yake na ukaonekana mtu wa kawaida.

Mfuko: kwa ubora unaolingana ni nafuu kuliko ya mikanda, kwa kuwa kitambaa ni kidogo na kazi ya kushona ni ndogo. Yangu ya kwanza niliipata Karume kwenye mitumba kwa shilingi 12,000. Ilidumu kuliko nilivyostahili.

Inamfaa anayepanda saa mbili hadi tatu, anayeishi kwenye joto, anayesimama mara kwa mara, na kila ambaye hajajua bado kama mchezo huu utamkaa.

BUKTA YA MIKANDA

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za vilima vitupu, na Tadej Pogačar aliyeshinda alikaa kwenye siti zaidi ya saa sita. Msafara mzima ulivaa mikanda. Tangu hapo kila kijana aliyenunua baiskeli ya barabarani anataka "ile ya Kigali", na siwalaumu, ila wakumbuke wale waendeshaji wana gari linalowafuata lenye kila kitu.

Sponji: si lazima iwe bora, ila kwa kawaida mtengenezaji anapoamua kushona mikanda anaweka na sponji ya maana. Usilichukulie hilo kama dhamana. Nimeshika ya mikanda yenye povu la kusugulia vyombo.

Kukaa mwilini: hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Mikanda inavuta bukta kwenda juu kutoka mabegani, kwa hiyo hakuna kitu kinachobana tumbo, na sponji haishuki hata ukiinuka na kukaa mara mia. Ukivuka saa tatu utasahau kwamba umevaa kitu, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Sharti ni namba iwe sahihi. Mtu mrefu wa kiwiliwili akivaa fupi, mikanda inamkata mabega na kumvutia sponji mahali pabaya. Ukiijaribu dukani usisimame wima mbele ya kioo kama umevaa suti. Ukisimama wima lazima uhisi inakuvuta kidogo. Inama kama uko kwenye vishikio, na hapo mvuto uishe. Ikikukaa vizuri ukiwa umesimama, ni kubwa.

Joto: kuna kitambaa kinachopanda tumboni na mgongoni. Arusha au Mbeya alfajiri unakishukuru. Pwani tafuta ambayo mikanda na mgongo ni wavu mwepesi, na mbele imekatwa chini kabisa ya kitovu.

Kuchimba dawa: hapa ndipo ilipo ila yake. Mwanaume anaweza kuvuta sehemu ya mbele chini na mambo yakaisha, kama mbele haikupanda sana. Mwanamke anapaswa kuvua jezi kwanza, kisha mikanda, na chooni kwenye stendi ya njiani hakuna hata msumari wa kutundika. Dada mmoja tunayepanda naye alikuwa anajinyima maji tangu usiku ili asisimame. Hiyo ni hatari kuliko bukta mbaya. Siku hizi zipo za kike zenye kishikizo mgongoni, au zenye mikanda inayovutika kiasi kwamba sehemu ya nyuma inashuka bila kuvua jezi. Yeye alipopata ya kishikizo, chupa zake mbili za maji zilianza kurudi tupu. Ifungue na kuifunga mara tano kabla ya kulipa, bila kuangalia, mikono ikiwa nyuma.

Staha: inabana sawasawa na ya lastiki, na juu ya hapo huwezi kuivua haraka.

Mfuko: ndiyo ghali. Ukiagiza mtandaoni kutoka China angalia vipimo kwa sentimita na si herufi. Namba zao mara nyingi ni ndogo kwa daraja moja au mbili kuliko tulizozoea.

Inamfaa anayepita saa tatu mara kwa mara, mwenye tumbo lisilopenda kubanwa, anayepanda maeneo ya baridi, na mwenye mgongo mrefu ambaye bukta za lastiki humwacha wazi kiunoni.

BUKTA YA NDANI

Watu wa mbio huidharau. Mimi siidharau, na sababu iko Bagamoyo.

Kuna mama anauza chapati na maharage, kituo chetu cha chai. Siku ya kwanza niliingia kibandani na laikra yangu iliyonibana kila mahali. "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu," macho yake yakiwa kwenye karai, na hayakutoka kwenye karai hadi nilipomaliza chai. Wakati wa kulipa akasema taratibu, "Siku nyingine ukija, baba, njoo umevaa." Safari iliyofuata nilivaa ya ndani na kaptura ya khaki juu. Nikaongezewa maharage.

Sponji: kwa kawaida nyembamba kuliko za aina mbili za kwanza, kwa kuwa inategemewa ikae chini ya nguo nyingine. Saa mbili inatosha. Saa nne inategemea siti yako na uzito wako. Zipo chache zenye sponji kamili ya safari ndefu, ukiikuta, usiiache.

Kukaa mwilini: yenyewe inakaa vizuri kama ina pindo la kunata mapajani. Adui ni kaptura ya juu. Ikiwa na mshono mnene katikati, kama wa jinzi, mshono huo unakandamizwa kati ya siti na sponji na utausikia wote. Ikiwa pana mno, kitambaa kinanasa kwenye pua ya siti unaposhuka ghafla. Nilishawahi kuanguka hivyo mbele ya kituo cha bodaboda, na abiria wote wakasimama kuniangalia. Chagua kaptura nyepesi inayovutika, isiyo na mifuko ya nyuma.

Joto: tabaka mbili ni tabaka mbili. Bukta yenyewe huwa ya wavu na inapumua, lakini kaptura inazuia upepo. Zote mbili zikilowa mvua ya masika, unabeba ndoo.

Kuchimba dawa: kama nguo za kawaida.

Staha: haina mpinzani. Unaingia dukani, unaingia ofisini, unapita Mji Mkongwe mchana wa Ramadhani, hakuna anayegeuka. Dada anayejistiri ana njia nyingine ya jirani na hii, nayo ni taiti ndefu ya baiskeli yenye sponji, juu yake shati refu lililopasuliwa pembeni. Pasuo ni muhimu, bila hivyo shati linapanda na kujikusanya kiunoni.

Mfuko: nafuu, na kaptura tayari unayo. Ila wavu hauna umri mrefu wa laikra. Ukianza kutoboka mapajani hauna fundi.

Inamfaa anayechanganya safari na shughuli, anayepita vijijini na kusimama kuongea na watu, na mwenye haya tu. Haya si kosa.

KABLA YA KUTOA PESA

Mtumba ninaununua, na sioni aibu kusema. Lakini bukta ya baiskeli ya mtumba ni chupi ya mtu, kwa hiyo ichunguze hivyo. Ivute sehemu ya makalio mbele ya mwanga: ukiona upande wa pili kama unaangalia kwenye chandarua, laikra imekwisha na watakaokuwa nyuma yako barabarani watakuona wote. Kunja sponji mara mbili kisha iachie. Ikibaki na alama ya mkunjo, imekufa. Sponji iliyokauka ngumu ukingoni hailainiki tena.

Kufua ni siku hiyohiyo, hata kama umechoka hadi huoni. Maji ya baridi, sabuni ya kawaida, ndani nje, bila jiki na bila kile cha kulainishia nguo, ambacho kinaziba vitundu vya kitambaa. Anika kivulini. Jua letu la saa saba linaua lastiki kuliko kilomita zote utakazopanda. Bukta isiyokauka sawasawa ndiyo inayoleta vipele na majipu, kwa hiyo anayepanda siku mbili mfululizo anahitaji bukta mbili, hata kama zote ni za bei ya chini.

Kuhusu krimu: zamani bukta hizi zilikuwa za sufu, na pa kukalia palishonwa ngozi laini ya mnyama wa milima ya Ulaya aitwaye chamois. Ikikauka baada ya kufuliwa inakuwa kama kipande cha ubao, hivyo waendeshaji waliipaka mafuta. Laikra ilichukua nafasi ya sufu kuanzia miaka ya 1970, ngozi nayo ikaachia sponji, lakini desturi ya kupaka ilibaki kwa sababu inapunguza msuguano. Mafuta ya mgando yanafanya kazi hiyo, ila yanang'ang'ania kitambaani na utayasugua wakati wa kufua mpaka ukome. Pakaa kwenye ngozi, kidogo, pale panapochubuka, si kwenye bukta nzima kama unapaka mkate siagi.

KWA HALI YAKO

Una hela ya bukta moja tu na hujui utafika wapi na mchezo huu: ya lastiki yenye mkanda mpana, sponji imara, rangi nyeusi. Ukishaona kila Jumamosi unavuka saa tatu na lastiki inakuachia alama tumboni, hapo mikanda imeshajitetea yenyewe.

Unaishi nyanda za juu na safari zako ni za milima mirefu: nenda moja kwa moja kwenye mikanda. Mwanamke aangalie kishikizo cha nyuma kabla hajaangalia sponji.

Unapanda kwenda kazini kilomita 20 na mwisho wa wiki unaunganisha 60: ya ndani wiki nzima, na kama mfuko unaruhusu, ya lastiki kwa Jumamosi. Zinaweza hata kuwa bukta hiyohiyo moja, kwani ya lastiki nzuri inavaliwa chini ya kaptura bila matatizo. Kinyume chake hakiwezekani, isipokuwa unataka kupita Bunju umevaa wavu.

Unaumia upande mmoja tu, kila safari, na umeshabadilisha bukta mbili: acha kununua bukta. Siti iko juu mno, au imepinda, au mguu mmoja unafika chini kuliko mwingine. Mrudie fundi. Na ganzi isiyoondoka saa chache baada ya kushuka, au jipu linalorudi palepale, hiyo ni ya daktari.

Na wewe ambaye rafiki yako ana ya mikanda nzuri na unafikiria kumwomba uijaribu Jumamosi hii tu: muazime pampu.